Kuchora mwili ulio kazini: mazoezi ya mwaloni Kibirizi

Ukitaka kujifunza kuchora mtu akionekana ana uhai, toka chumbani uende mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, asubuhi boti zinapotia nanga na dagaa. Chagua siku za giza. Mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri, wengi hupumzika na mwalo unapoa.

Beba karatasi nyingi za bei nafuu na mkaa, au penseli laini kama 4B. Raba iache nyumbani.

1. Omba ruhusa. "Shikamoo mama, naomba nikae hapa nichore mnavyofanya kazi." Watakucheka kidogo, kisha watakusahau. Hapo ndipo miili yao hurudi kwenye hali ya kawaida.

2. Mstari mmoja, sekunde 30. Kabla ya kichwa wala mkono, vuta mstari mmoja unaopita mwili mzima, toka utosini hadi mguu uliokanyaga. Mkono wako uchezee begani, si kwenye kifundo. Usizungushie umbo kwa nje. Ukianza hivyo utapata sanamu ya mbao.

3. Tafuta uzito umeangukia wapi. Hapa kaa siku nyingi. Mtu akisimama kwa mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda, na bega la upande huohuo mara nyingi hushuka. Kwa hiyo weka mishazari miwili, wa mabega na wa nyonga, uone inavyopishana. Wachongaji wa Ugiriki walishaitumia siri hii karne ya 5 kabla ya Kristo. Ila mzigo hubadilisha mambo: mwenye karai la dagaa kichwani ananyoosha shingo na kutuliza mabega, nyonga ndizo zinazocheza chini yake. Mwenye dumu la mawese mkono wa kulia anaegemea kushoto, na mkono mtupu unatanuka.

4. Kifua na nyonga. Duara refu juu, kisanduku chini. Kiuno kati yake kibanwe upande mmoja, kivutwe mwingine. Ongeza chumvi, mchoro wa haraka unapenda kuzidishwa.

5. Miguu na mikono kwa mistari michache. Vidole na sura achana navyo.

Wanaogeuza dagaa juani ni walimu wazuri kuliko wote, kwa kuwa mkao uleule hujirudia. Anza michoro mitatu kwenye ukurasa mmoja: kuinama, kugeuza, kuinuka. Mkao ukirudi, endelea na mchoro wake.

Jioni mwombe mtu asimame kama mchoro wako unavyoonyesha. Akipepesuka, rudi hatua ya 3. Kipimo hiki hakiwafai wanaovuta boti nchi kavu: wao wameegemea kamba, wakiiachia wanaanguka. Kwa hao chora kamba kwanza, mwili ufuate.