Majengo ipi sasa? Namna ya kuipa kichwa makala ya sehemu yenye jina la wengi kwenye Wikipedia ya Kiswahili

Ukipanda boda pale Nyerere Square ukamwambia nipeleke Majengo, hakuulizi Majengo ya wapi, anawasha mnaondoka. Sasa sisi wa Dodoma tukikaa kuandika Wikipedia tunaandika kama bado tunaongea na boda, tunaiita tu Majengo tunasevu, wakati Moshi nao wana Majengo yao, Singida wana yao, Mombasa ipo na Nairobi kule Pumwani ipo, na mtambo wa Wikipedia haukubali makala mbili zibebe kichwa kilekile herufi kwa herufi. Aliyewahi kaokota jina zima, wengine wote watafute pa kukaa.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kukubali ni hili: kichwa cha makala hatumwandikii mwenyeji. Mwenyeji anapajua kwao. Tunamwandikia mtu aliyeko Pemba au Bukavu, kaona jina kwenye habari, kaliandika kwenye kisanduku cha kutafutia na hajui hata kama ni kata au mlima. Ukishika hilo maswali mengi yanajijibu.

Kabla hujafungua ukurasa mpya, sechi jina kwanza, na usiishie kwenye makala yenye jina hilo tu, angalia na zile zinazolitaja katikati ya maandishi. Halafu nenda kwenye kile kigezo kinachokaa chini ya makala za kata, kinachoorodhesha kata zote za wilaya. Hapo kuna mtego mmoja mbaya sana: linki ikiwa ya bluu watu wanadhani makala ipo tayari, wanaruka kwenda kata inayofuata. Ibonyeze! Ukibonyeza Chang'ombe iliyopo kwenye orodha ya Dodoma unaweza kutua Chang'ombe ya Temeke, Dar es Salaam. Bluu maana yake kichwa hicho kina mwenyewe, haina maana ni kata unayoitafuta.

Ukikuta jina halina mwenzake, achana na mabano, yale ya kuonyesha sehemu iko wapi, kama Majengo (Dodoma). Nkuhungu ni Nkuhungu, basi. Kuna watu wanapenda kuweka mabano kila mahali ati kwa usalama, matokeo yake kichwa kinakuwa kirefu bure na mtu akitaka kuweka linki inabidi akumbuke mabano ambayo hayakuwa na kazi.

Ukikuta linagongana, uliza kama kuna mmoja anayewazidi wenzake kwa mbali. Kwa mbali kweli, sio kidogo. Mwanza iko Tanzania na Mwanza nyingine iko Malawi, ni wilaya na mji, lakini msomaji wa Kiswahili akiandika Mwanza anataka lile jiji la ziwani, kwa hiyo jiji linabaki na jina tupu na ile ya Malawi inaandikwa Mwanza (Malawi), juu ya makala ya jiji unaweka mstari mmoja wa kumwelekeza aliyepotea. Uhuru vilevile, ni kata hapa mjini kwetu, ila hakuna atakayekuelewa ukiwanyang'anya watu wote uhuru wao kwa ajili ya kata moja. Uhuru (Dodoma), tunaendelea.

Ila Majengo hayana mkubwa. Kilimani hivyohivyo, ipo Dodoma, ipo Nairobi, ipo Zanzibar, na kila mtu atakwambia ya kwao ndo maarufu. Ukiona ubishi wa namna hiyo jua jibu limeshapatikana, yaani jina tupu halipewi mtu, linakuwa ukurasa wa maana unaozitaja zote, na kila moja inachukua mabano yake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Makutupora, maana huu umepoteza watu wazima na akili zao. Makutupora ya Dodoma iko kaskazini ya jiji, njia ya kwenda Kondoa, ndo kwenye kambi ya JKT na kituo cha utafiti wa zabibu, na bonde lake ndo lenye visima vya Mzakwe vinavyotunywesha maji mjini. Halafu kuna Makutupora ya Singida, upande wa Manyoni, hii ndo inayotajwa kwenye SGR, ile reli mpya ya kisasa, kipande cha Morogoro mpaka Makutupora cha kilometa 422. Sasa mtu anaandika makala ya reli, anaweka linki Makutupora, linki inampeleka msomaji kwenye zabibu na JKT, msomaji anaondoka akijua treni ikifika Dodoma inakata kona kwenda kaskazini. Wakati reli inanyoosha kuelekea magharibi huko! Na ukitaka kuongezea chumvi, ile ya Singida kuna wanaoiandika Makutopora, kwa o. Usije ukatumia hiyo o kama ndo alama ya kutenganisha, nani atakumbuka. Andika Makutupora (Dodoma) na Makutupora (Singida), jina tupu liwe ukurasa wa maana, na tahajia ya o uifanye elekezo, yaani ukurasa unaomrusha msomaji moja kwa moja kwenye makala yenyewe.

Ndani ya mabano tunaweka nini? Hapa wahariri wanatofautiana, mimi nasema weka kitu kidogo kabisa kinachotosha kutenganisha, na kiwe kitu kisichohamahama. Wilaya zetu za katikati zinahamahama jamani. Dodoma Vijijini ilishagawanyika, leo tuna Bahi na Chamwino. Chemba ilitoka Kondoa, Ikungi ilitoka Singida Vijijini, Mkalama ilitoka Iramba. Ukiwa umeweka wilaya kwenye mabano ya kila kata, siku wakigawa tena umekwisha, unahamisha makala moja moja. Mkoa haubadiliki kirahisi hivyo, ndo maana naanza na mkoa, na kama sehemu hizo ziko nchi tofauti na kila nchi ina moja tu, jina la nchi linatosha.

Mkoa ukishindwa ndo unashuka chini. Chamwino ni mfano mzuri: kuna Wilaya ya Chamwino, ambako Ikulu ipo, na kuna kata ya Chamwino ndani ya Jiji la Dodoma, zote mkoa mmoja, kwa hiyo Chamwino (Dodoma) haisaidii kitu. Wilaya yenyewe haina shida kwa sababu inabeba cheo chake mbele, Wilaya ya Chamwino, kama tunavyosema kila siku, haihitaji mabano. Kata ndo unaiandika Chamwino (Dodoma Mjini). Vyeo hivyo vinasaidia sana, hata Mkoa wa Dodoma na jiji lenyewe vinaachana kwa njia hiyohiyo.

Na kabla ya mabano yoyote angalia kama wenyewe walishatenganisha kwa mdomo. Hombolo Bwawani na Hombolo Makulu, nani anahitaji mabano hapo? Kikuyu Kaskazini na Kikuyu Kusini pia ziko sawa kama zilivyo, ila Kikuyu tupu usiielekeze Dodoma, huko Kenya kuna mji wa Kikuyu kaunti ya Kiambu na kuna kabila zima. Usiige zile koma za Wamarekani pia, Paris, Texas ni wao wanavyotaja sehemu zao, hapa hakuna anayeongea hivyo.

Kuna mambo mawili madogo yatakusumbua. Moja ni herufi kubwa: Kiwanja cha Ndege ni kata Dodoma na ni kata Morogoro, na kiwanja cha ndege ni kiwanja cha ndege. Mtambo unaona N kubwa na n ndogo kama vichwa viwili tofauti, lakini binadamu anayeandika kwa simu haoni, kwa hiyo usitegemee hiyo N, weka mabano. Pili ni kile kialama cha juu. Simu nyingi zinaweka kilichopinda badala ya kile kilichonyooka, basi kwa mtambo hizo ni Chang'ombe mbili tofauti. Fungua makala kwa kilichonyooka, kilichopinda ukifanyie elekezo. Ukifika Ng'hong'onha, ambayo inavyo viwili, utanikumbuka.

Sasa kuhamisha makala iliyokuwepo. Kama ina mkono wa watu wengine, sema kwanza kwenye ukurasa wa majadiliano, subiri siku kadhaa. Ukishahamisha, jina la zamani linabaki kama elekezo, na hapa ndo wengi wanaharibu, wanaligeuza kuwa ukurasa wa maana palepale na kwenda kulala. Usifanye hivyo kabla hujafungua "Viungo viungavyo ukurasa huu" ukapitia makala moja baada ya nyingine na kuielekeza kila linki kwa mwenyewe, kwa sababu ukishageuza, linki zote za zamani zinamwaga watu kwenye orodha. Kwenye kuandika linki kuna njia fupi, ukiweka [[Majengo (Dodoma)|]] na ule mstari ukauacha wazi, ukisevu inajaza yenyewe na msomaji anaona Majengo tu bila mabano. Hii ni kwa wanaoandika kwenye msimbo wenyewe.

Ukurasa wa maana wenyewe uwe mkavu, kila sehemu mstari mmoja, linki moja, kata ya wapi, kwisha. Historia ya mtaa wenu ipeleke kwenye makala yake.

Mwisho fungua Wikidata, ile hazina ya data inayounganisha makala za Wikipedia za lugha zote, angalia makala uliyohamisha imeungwa na kitu gani, na usitazame jina, tazama ramani. Kama ni Makutupora ya reli na kidoti kimekaa juu ya barabara ya Kondoa, wameunganisha siyo, ichomoe uiunge upya.