Somo: Kutafuta vyanzo vya kuaminika vya makala ya bendi

Makala yangu ya kwanza ya bendi kwenye Wikipedia ilikuwa na tanbihi 14, na ikafutwa kabla wiki haijaisha. Niliudhika kweli. Mhariri aliyependekeza ifutwe hakunibishia sana, aliandika sentensi moja tu kwenye ukurasa wa majadiliano: hebu angalia jina la mpiga dramu. Nikaangalia. Kurasa tisa kati ya zile 14 zilikuwa zimekosea jina lake kwa namna ileile, herufi mbili zimepishana mahali palepale. Kosa lilianzia kwenye taarifa ambayo meneja wa bendi aliwatumia waandishi wa habari, nao wakaibandika kama ilivyo. Tano zilizobaki zilikuwa tovuti ya bendi, kurasa zake za mitandao ya kijamii na duka la kuuzia nyimbo. Hesabu yake ni chanzo kimoja, tena cha mwenye mali akiisifu mali yake.

Tangu siku hiyo kila ukurasa nauuliza swali moja: huyu aliyeandika amejuaje? Somo zima linazunguka hapo. Msishangae hatua ya tatu ikiwa ndefu kuliko nyingine, wengi hukwama huko.

Hatua ya 1: Bendi inastahili makala?

Wikipedia ya Kiingereza ina mwongozo wa bendi na wanamuziki wenye vigezo 12. Kikubwa ni kwamba bendi iwe imeandikwa kwa kina, zaidi ya mara moja, na watu wasio na uhusiano nayo. Vingine ni kama wimbo kuingia kwenye chati ya taifa, kupata cheti cha dhahabu cha mauzo, kutoa albamu mbili au zaidi chini ya lebo (kampuni ya kurekodi) kubwa au lebo huru yenye jina, au kushinda tuzo kubwa. Kutimiza kimojawapo maana yake ni kwamba huenda bendi inastahili. Vyanzo bado utadaiwa. Idadi ya wafuasi na watazamaji haimo kwenye orodha, kwa hiyo usiipeleke kama hoja. Wikipedia za lugha nyingine zina taratibu zake. Soma za kule unakoandikia.

Hatua ya 2: Kusanya majina kabla ya kutafuta

Bendi hubadili majina. Chicago walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 1969 wakiitwa Chicago Transit Authority, na Joy Division walianza kama Warsaw. Ukipekua magazeti ya zamani kwa jina la sasa tu utarudi mikono mitupu, halafu uje kudai vyanzo hakuna.

Kuna pia bendi zenye majina ya maneno ya kawaida: Yes, Can, Air, Europe. Hapo injini ya utafutaji itakuzamisha. Weka jina la bendi ndani ya alama za kunukuu, ongeza jina la mwimbaji au la albamu, nalo ndani ya alama zake, kisha bana miaka unayotafutia. Mimi huanza na mpiga besi. Mwimbaji ana kurasa elfu za udaku, lakini anayemtaja mpiga besi kwa kawaida ameisikiliza bendi.

Hatua ya 3: Chuja

Fungua kila ukurasa na utafute vitu vitatu: jina la mwandishi, dalili kwamba kuna mhariri aliyempitia, na mahali alikoitoa habari. Cha tatu ndicho kigumu.

Anza na kurasa zinazojazwa na yeyote. Hifadhidata za muziki kama Discogs, MusicBrainz na Rate Your Music ni hazina kwa mtu anayetafuta, ila hazifai kuwa tanbihi, kwa sababu anayejaza anaweza kuwa mimi au wewe. Zitumie kama ramani: Discogs ikikupa namba ya katalogi ya santuri, yaani ile ambayo lebo huipa kila rekodi, ichukue namba hiyo ukatafutie kwingine. AllMusic, tovuti ya uhakiki wa muziki, iko katikati. Uhakiki uliosainiwa na mwandishi wao hutumika, lakini visanduku vya pembeni vinavyotaja aina ya muziki, wahariri wengi huvikataa. Wikipedia yenyewe haiwi chanzo cha Wikipedia, hata ya lugha nyingine.

Sasa tuje kwenye nakala zilizojificha. Chukua sentensi moja isiyo ya kawaida kutoka kwenye habari, maneno kama kumi hivi, uitafute ikiwa ndani ya alama za kunukuu. Yakitokea magazeti sita yenye sentensi hiyohiyo, umeshika taarifa ya meneja. Ukikosa sentensi, tafuta kosa. Jina lililokosewa, tarehe isiyowezekana, albamu iliyoandikwa kwa kichwa kisicho chake: kosa likirudiwa ni kama alama ya kidole, maana watu wawili waliochunguza kila mmoja kivyake ni nadra wakosee sawasawa.

Hatari kuliko hiyo ni mzunguko. Mtu anaandika kwenye Wikipedia kwamba bendi ilianzishwa mwaka fulani, bila chanzo. Mwandishi wa gazeti mwenye haraka anaunakili. Mwaka unaofuata mhariri mwingine anakuja na gazeti hilo kama ushahidi, na uongo unakuwa umepata cheti cha kuzaliwa. Dawa ipo: fungua historia ya makala, tafuta siku dai lilipoingia, linganisha na tarehe ya gazeti. Dai likiwa limetangulia na gazeti likafuata, gazeti hilo usiliamini kwa jambo hilo. Vitabu navyo vimo kwenye mtego huu. Wapo wachapishaji wanaokusanya makala za Wikipedia, wanazitia jalada na kuziuza zikiwa na ISBN kamili, ile namba ya utambulisho wa kitabu. Geuza kurasa za mwanzo usome haki ya kunakili. Mara nyingi wanakiri wenyewe kwa herufi ndogo.

Hatua ya 4: Toka nje ya injini ya utafutaji

Vyanzo vizuri vya bendi za zamani viko kwenye karatasi. Matoleo mengi ya zamani ya jarida la Billboard yanasomeka bure kwenye Google Books, kurasa zote, hadi matangazo. Melody Maker, gazeti la muziki la Uingereza, lilitoka tangu 1926 hadi 2000, na maktaba kubwa bado zina majalada yake. Mkutubi ukimwambia unatafuta bendi fulani na miaka fulani atakufungulia milango ambayo hukujua ipo. Waulizeni, jamani.

Jalada la santuri lenyewe ni chanzo pia, kwa mambo machache: nani alipiga nini, lebo, namba ya katalogi. Lisome kwa makini. Pembeni utaona alama mbili, P ndani ya duara na C ndani ya duara. Ya P ni haki ya sauti iliyorekodiwa, alama iliyowekwa na Mkataba wa Roma wa 1961. Ya C ni ya picha na maandishi ya jalada. Ukikuta P 1974 na C 1991, una toleo jipya la rekodi ya zamani. Nimeona makala iliyochukua mwaka wa C ikadai bendi ilitoa albamu yake ya kwanza wakati wenyewe walishaachana zamani.

Hatua ya 5: Chati na mauzo

Andika nchi na idadi, usiandike "dhahabu" peke yake. Albamu ya dhahabu Marekani ni nakala 500,000, Uingereza ni 100,000. Mashirika yanayotoa vyeti hivyo yana hifadhidata za wazi mtandaoni, kwa hiyo hakuna sababu ya kunukuu tovuti ya mashabiki. "Wameuza mamilioni duniani kote" bila shirika nyuma yake, acha.

Hatua ya 6: Hifadhi papo hapo

Kurasa za muziki hufa haraka. Ukishasoma, peleka kiungo Wayback Machine ya Internet Archive, inayotunza nakala za kurasa za mtandao, uweke kiungo cha nakala ndani ya tanbihi. Andika mwandishi, kichwa, chombo, tarehe, ukurasa. Fanya wakati ukurasa uko wazi mbele yako, kesho hutakumbuka.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shukrani kwa somo, mwalimu. Nina mahojiano ya saa nzima ambayo kiongozi wa bendi alifanya na redio ya taifa. Si yanatosha? Redio ni chombo kikubwa.

Jibu: Redio ni kubwa, lakini anayesema ni yeye. Majibu yake yanafaa kwa mambo yanayomhusu, mfano alijifunza gitaa kwa nani, tena uandike "kwa maelezo yake". Hayafai kuthibitisha kwamba bendi inastahili makala, wala kwamba ilikuwa ya kwanza kufanya hili au lile. Sikiliza tena dakika za mwanzo. Mtangazaji akiitambulisha bendi kwa utafiti wake mwenyewe, hizo dakika mbili zina uzito kuliko zile 58.

Swali: Vyanzo viwili vizuri vinapingana. Kimoja kinasema wimbo ulishika namba moja, kingine namba mbili. Nichague kipi?

Jibu: Usichague kabla hujajua kila kimoja kinasoma chati gani. Please Please Me ya The Beatles, mwaka 1963, ilifika namba moja kwenye chati za magazeti ya muziki NME na Melody Maker, na namba mbili kwenye ya Record Retailer, jarida la wauza rekodi. Wote walisema kweli. Uingereza wakati ule ilikuwa na chati kadhaa kwa pamoja, na ya Record Retailer ndiyo iliyokuja kuhesabiwa kuwa rasmi kwa miaka hiyo. Taja zote mbili kwa majina yake. Kama ni mwaka wa kuanzishwa ndio unaopingana, uliza kila mmoja anahesabu nini: mazoezi ya kwanza, onesho la kwanza au rekodi ya kwanza.

Swali: Mimi ni mpiga kinanda wa bendi ninayotaka kuiandikia. Najua kila kitu, naomba njia ya mkato.

Jibu: Ndugu yangu, kujua kila kitu ndiko kutakakokuponza, utaandika ambayo hakuna aliyeyachapisha. Njia ya heshima ni kujitambulisha kwamba wewe ni mwanachama wa bendi, uweke rasimu au mapendekezo na vyanzo vyake, wengine waamue. Kama kuna anayekulipa uandike, masharti ya matumizi ya Wikimedia yanakulazimisha umtaje. Usijifiche, mtindo wa uandishi hukuumbua aya ya pili tu.

Swali: Nina gazeti la karatasi, nimelikata na kulitunza. Mtandaoni halipo. Litakataliwa?

Jibu: Halikataliwi, chanzo si lazima kiwe na kiungo, na lugha yoyote inakubalika. Andika jina la gazeti, tarehe, ukurasa na mwandishi. Wengi wanaotunza vipande hukata habari wakaiacha tarehe. Kama chako hakina tarehe, geuza nyuma. Tangazo au matokeo ya michezo yatakusogeza kwenye juma lenyewe, kisha maktaba ikupe namba ya ukurasa.

Swali: Kuna bendi ya zamani ambayo wazee wote wanaikumbuka lakini hakuna aliyewahi kuiandika. Wanamuziki wawili bado wako hai. Nifanyeje? Naona kama tunawaonea.

Jibu: Uonevu upo, sikatai. Bendi nyingi zilipiga muziki zikasahaulika kwa sababu hapakuwa na mhakiki. Lakini Wikipedia haipokei utafiti ambao haujachapishwa, kwa hiyo usianzie huko. Warekodi wazee sasa, kwa ridhaa yao. Mpelekee mwandishi wa gazeti au mtafiti wa chuo, achunguze na kuchapisha kwa jina lake, na nakala ya sauti ikabidhiwe kwenye hifadhi. Makala itakuja baadaye. Wazee hawasubiri.

Swali: Majarida mengi ya kitaaluma yanadai malipo. Kuna namna?

Jibu: Ipo Maktaba ya Wikipedia, inakufungulia hifadhidata nyingi za majarida hayo bure. Akaunti iwe na miezi sita, mahariri 500 na zaidi, angalau 10 ndani ya mwezi uliopita, na usiwe umezuiwa kuhariri. Kabla hujafika huko, muombe mhariri mwenye sifa akusomee ukurasa unaouhitaji.

Swali: Nimechuja kama ulivyosema, kutoka vyanzo 20 nimebakiwa na viwili. Niendelee?

Jibu: Cha pili kina maneno mangapi kuhusu bendi? Kama ni sentensi moja kwenye orodha ya waliopanda jukwaani tamashani, hakihesabiki, una kimoja. Kama ni ukurasa mzima na umemkuta mwandishi amezungumza na watu walio nje ya bendi, anza kuandika leo, aya tatu tu, nitumie nizipitie.