Miwani ya progresivu: namna ya kuizoea kabla hujaitupa kabatini

Mama mmoja mshonaji alinirudishia miwani akiwa ameifunga kwenye pindo la kanga, kama anayerudisha chenji ya bandia. "Kaka, hii inaniyumbisha. Nipe zile zangu za zamani." Nikamwambia aivae. Fremu ikateleza mpaka ncha ya pua. Sikugusa lenzi. Nilibana vile viplastiki viwili vya puani, fremu ikapanda kama milimita 3, nikakunja ncha za mikono nyuma ya masikio, nikampa sindano na uzi. Akatunga mara ya kwanza.

Katika kazi yangu ya miwani hapa Unguja, nyingi zinazorudishwa zinafanana na hiyo. Namba ni sahihi, ila lenzi haikai panapotakiwa, au mvaaji hakuelezwa namna ya kuitazamia.

Ndani ya jicho kuna lenzi ya asili ambayo ujanani ni laini, hujibinua ili tuone karibu. Kuanzia miaka 40 hivi huwa imekakamaa kiasi cha kukusumbua. Ndipo unaanza kuchambua mchele mlangoni kwenye mwanga na bado mawe yanafika mezani. Lenzi ya progresivu inasaidia hivi: juu unaona mbali, katikati unaona urefu wa mkono, chini unasoma, wala hakuna mstari kama kwenye baifoko, ile miwani ya sehemu mbili, mbali na karibu. Gharama yake ni pembeni. Sehemu safi ya katikati ni nyembamba kama kichochoro cha Mji Mkongwe, na huku na huku kuna ukungu. Hata lenzi ya bei mbaya inao, ila mdogo zaidi.

Hatua ya 1: Kapimwe macho, usiishie kwenye namba

Miwani ya kusomea ya barabarani haiharibu macho. Shida yake ni kwamba inakupa namba moja kwa macho yote mawili, na hakuna aliyekuangalia presha ya macho, ambayo mara nyingi hula uoni polepole bila maumivu. Mwenye kisukari asipime macho wakati sukari iko juu, maana namba huyumba pamoja nayo. Asubiri itulie wiki kadhaa.

Ukiambiwa nyongeza yako ya karibu, yaani nguvu inayoongezwa chini ya lenzi kwa kusomea, ni +1.00 au +1.25, anza progresivu sasa. Anayengoja mpaka +2.50 hukutana na ukungu mkubwa zaidi wa pembeni, na huteseka zaidi kuzoea.

Hatua ya 2: Fremu

Kutoka katikati ya mboni hadi ukingo wa chini wa lenzi, napenda nipate milimita 18. Zipo lenzi za kichochoro kifupi zinazokubali 14. Vifremu vyembamba vinapendeza kwenye picha, lakini vinakata sehemu ya kusomea uliyoilipia. Ukiwa dukani, inama kama unayefunga kamba za viatu. Fremu ikiporomoka, chukua nyingine.

Hatua ya 3: Vipimo, usione haya kudai

Fremu ikunjwe kwanza ikae vizuri usoni, ndipo upimwe ukiwa umeivaa. Fundi akae mbele yako, macho kwa macho, atie nukta ya kalamu kwenye lenzi ya maonyesho, ile isiyo na namba inayokuja na fremu, mbele ya kila mboni. Kila jicho lipimwe peke yake kutoka katikati ya pua. Wengi wetu jicho moja liko karibu na pua kuliko jingine, kwa hiyo kuchukua umbali mzima na kuugawa nusu hakutoshi.

Mimi mwenyewe niliwahi kumpima mteja nimesimama, yeye amekaa. Macho yake yakanifuata juu, nukta zikakaa juu mno. Akawa anaendesha gari kidevu kimegusa kifua ili aione barabara. Lenzi zile nilizilipa mimi.

Hatua ya 4: Siku ya kuichukua

Tazama kibao cha duka ng'ambo ya barabara, kichwa kikiwa sawa. Kama mpaka ushushe kidevu ndipo kisomeke, lenzi zimekaa juu. Fundi apanue viplastiki vya puani, fremu ishuke. Kisha shika gazeti usawa wa kifua. Kama mpaka uinue kidevu sana ndipo usome, zimekaa chini, basi avibane. Kama unasoma vizuri tu ukigeuza uso upande mmoja, hilo halitibiki kwa koleo. Vipimo vya mboni virudiwe.

Kisha ielekeze miwani kwenye mwanga. Kila lenzi ina alama mbili ndogo sana zilizochorwa, zimeachana milimita 34. Chini ya ile ya upande wa sikio huwa kuna nyongeza yako, kwa mfano 20 ikiwa ni +2.00. Linganisha na karatasi ya daktari.

Hatua ya 5: Wiki mbili za mwanzo

Ivae asubuhi na mapema, kabla macho hayajachoka. Anza ukiwa umekaa nyumbani, gari liache kwa siku chache. Miwani ya zamani ifungie. Anayevaa mpya asubuhi na ya zamani jioni huanza upya kila siku.

Elekeza pua kwenye unachotaka kuona. Ukichungulia kwa kona ya jicho utakutana na ukungu. Kusoma ni kinyume: kichwa kitulie, macho ndiyo yashuke. Simu ishike chini, usiinyanyue usawa wa uso.

Ngazi ndizo zinazoangusha watu. Ukishusha macho tu, unaitazama hatua kupitia sehemu ya kusomea, iliyotengenezwa kwa sentimita 40 hivi, na ngazi inaonekana imesogea. Shusha kidevu kabisa, shika ukuta. Kushuka daladala ni vivyo hivyo.

Kompyuta ya mezani ikikuumiza shingo, ishushe iwe chini kidogo ya macho. Fundi umeme, mpaka rangi wa dari au muuza duka anayesoma rafu za juu amweleze fundi miwani mapema, maana sehemu ya kusomea iko chini na kazi yake iko juu. Huenda akahitaji miwani ya pili.

Hatua ya 6: Kurudi

Wiki mbili zikipita na bado sakafu inayumba, rudi dukani na miwani yako usoni. Lakini ukiona vimulimuli vya ghafla, kama pazia linashuka, au jicho likauma na kuwa jekundu, usiilaumu miwani. Nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.

Na usiku, ukijilaza kochini kutazama televisheni, picha itakuwa na ukungu kwa sababu unaitazama kupitia chini ya lenzi. Kaa wima, au kama ile ya zamani niliyokwambia uifungie ni ya mbali tupu, vaa hiyo. Wiki mbili zikiisha, kazi yake ndiyo hiyo.