Unamchukua mbwa kipofu mgonjwa umlee kwa muda? Anza na hivi

Watu wakisikia mbwa haoni wanafikiri kazi kubwa ni huo upofu, wanaanza kumbebabeba na kumlilia, wakati upofu wenyewe mbwa anauzoea haraka kuliko unavyodhani maana toka zamani pua na masikio ndo vilikuwa vinamuongoza zaidi. Kazi yenyewe iko kwenye ugonjwa. Jicho la mbwa wa mtaani mara nyingi kuna kitu kimelifikisha hapo na hicho kitu unakuta bado kipo mwilini, inaweza kuwa homa ya kupe, kisukari, presha ya macho, distempa (ugonjwa wa virusi unaoambukiza mbwa), au alipigwa jiwe kichwani. Ukihangaika na macho ukasahau kilichoyaua utashangaa mbwa anakonda kila siku na chakula anapewa.

Kwahiyo kabla hujapokea kamba waulize vizuri waliomuokoa. Nani analipia dokta na dawa, mpaka lini, kachanjwa nini, kadi iko wapi, na wewe ukisafiri au ukiuguliwa nani anamchukua. Andikianeni hata kwa meseji, sio mambo ya "tutaona". Kama umepanga ongea na mwenye nyumba kabla mbwa hajafika, na kama pale kwenu kuna wanaoswali kaeni mpange mapema mbwa akae wapi, mbali na miswala na maji ya udhu, mkishaelewana hivyo siku ya kwanza mnaishi vizuri tu. Na ukiwa na mbwa wengine nyumbani huyu mgeni akae peke yake kama wiki mbili hivi, kwasababu parvo (virusi vya kuharisha vibaya) na distempa zinaweza kuwa zishaingia mwilini alafu dalili zikaja baadae.

Daktari wa mifugo ni mapema iwezekanavyo, usisubiri "azoee kwanza". Mwambie apime damu aangalie homa ya kupe, ziko mbili zinazosumbua sana huku kwetu, erlikia na babesia, na hiyo erlikia inaweza kuvuruga macho kwa ndani kabisa mpaka mbwa asione. Apime na sukari pia, maana mbwa mwenye kisukari anapata mtoto wa jicho kirahisi sana. Jicho lipimwe presha kama kifaa kipo, na liwekwe ile rangi ya kijani inayoonyesha kama kuna kidonda kwenye kioo cha jicho. Dar na Arusha kuna kliniki binafsi za wanyama, Morogoro kuna hospitali ya wanyama ya SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, walio Nairobi KSPCA, shirika la kutetea wanyama, wapo Karen na Chuo Kikuu cha Nairobi wana kliniki kule Kabete.

Hapa kwenye matone naomba mnisikilize kabisa. Usiende duka la dawa ukanunua tone lolote la macho ukamwekea. Mengine yana steroidi ndani, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe, na jicho lenye kidonda likiwekewa steroidi kidonda kinachimbika mpaka jicho linaweza kutoboka. Rangi ya kijani kwanza, tone baadae. Ukipewa matone mawili tofauti acha dakika kama tano mpaka kumi katikati, na kama kuna ya mafuta hiyo inakuwa ya mwisho. Usimwendee kwa mbele, kaa pembeni au nyuma yake, mtaje jina, shika kidevu, weka, alafu mpe kipande cha nyama papo hapo, ukifanya hivyo kila mara atakuja mwenyewe akisikia unafungua kichupa.

Jicho ambalo halioni linaweza kuuma vibaya sana. Mwenye presha ya macho utamuona analala muda wote, chakula anakiacha, anafumba upande mmoja, anasukumiza kichwa ukutani, na jicho limekuwa jekundu au limevimba. Watu wanasema kazeeka, kumbe ana maumivu. Dokta akikwambia jicho litolewe usimuone katili, lile jicho halimsaidii chochote zaidi ya kumuumiza, na mbwa wengi wakishapona mshono wanarudi kula na kucheza.

Homa ya kupe ile ya erlikia inatibiwa na antibiotiki ya doksisaiklini, kawaida kama siku 28 (babesia ina dawa zake nyingine, dokta ndo anachagua), na shida yetu tukishaona kachangamka siku ya nne tunaacha. Usiache. Mpe na chakula au umnyweshe maji baada ya kidonge kwasababu kikikwama kooni kinachoma. Kupe watoe hasa kwenye masikio na katikati ya vidole, ila dawa ya kuogeshea ng'ombe usiikadirie kwa macho ukammwagia mbwa, na ile ya amitrazi mbwa mwenye kisukari hatakiwi kabisa maana inapandisha sukari. Panadol, ibuprofeni, diklofenaki, hizi za binadamu zote weka mbali hata kama unamuona anaumia.

Nunua daftari. Kila siku andika kala kiasi gani, kapewa dawa gani saa ngapi, choo kikoje, mkojo una rangi gani. Mbwa wako haoni na haongei, hilo daftari ndo litaongea mbele ya dokta. Angalia fizi asubuhi, ziwe na rangi ya waridi, zikiwa nyeupe au za njano, au mkojo umekuwa kama kahawa, usingoje kesho. Akiwa amelala hesabu pumzi kwa dakika moja, zikizidi 30 mara kwa mara mpigie dokta. Uzito panda nae kwenye mzani umembeba, alafu toa wa kwako.

Nyumba sasa. Mpe chumba kimoja tu kwanza, au kona ya veranda yenye kivuli, maji yakae sehemu moja na kitanda sehemu moja na visihame hata kidogo, yeye anachora ramani kichwani kwa miguu na pua, ukisogeza ndoo umemfutia barabara. Piga magoti uangalie kwa usawa wa kichwa chake, utaona misumari, kona za meza, waya. Kona zifunge vipande vya sponji ya godoro. Jiko la mkaa lisiwashwe kabisa anakopita, mfuniko wa karo uwe umekaa, kisima kifunikwe, ngazi wekea kizuizi. Unaweza kumwekea alama za miguuni: zulia la miguu lenye kukwaruza kabla ya ngazi, kipande cha mkeka pale penye bakuli, akikanyaga anajua kafika. Akishaizoea hiyo sehemu bila kugonga vitu ndo umfungulie sehemu nyingine. Kama anagonga sana, fundi yeyote anaweza kukukatia bomba laini la maji ukalifanya duara linalokaa mbele ya uso limefungwa kwenye mkanda wa kifuani, linagusa ukuta kabla ya pua.

Kumgusa kuna utaratibu na watoto wafundishwe. Sauti kwanza, mkono baadae, na mkono uanzie begani sio kichwani. Akiwa amelala gonga sakafu kwa mguu asikie mtikisiko, asiamshwe kwa kushikwa, mbwa yeyote akishtuliwa gizani anaweza kung'ata na hapo sio ukali ni woga. Ndo maana chanjo ya kichaa cha mbwa isisubiri zaidi ya dokta atakavyokuruhusu, na akimng'ata mtu oshea kidonda maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 alafu hospitali moja kwa moja. Chagua maneno machache na nyumba nzima mtumie hayohayo, "simama", "ngazi", "taratibu". Mmoja akisema ngazi mwingine akisema panda mnamchanganya bure.

Kumtoa nje tumia mkanda wa kifuani sio wa shingoni, kuvutwa shingo kunapandisha presha ya macho. Njia iwe moja, alfajiri kabla bodaboda hazijachanganya. Kuna watu watakurushia maneno, na kuna watoto watarusha mawe, waambie kwa upole ila ujue Tanzania kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, kumtesa mnyama ni kosa.

Chakula, ugali na dagaa sio mbaya ila usiweke chumvi wala kitunguu, na mbwa aliyekonda sana usimshindilie siku ya kwanza, mpe kidogokidogo mara nyingi. Wa kisukari ale muda uleule kila siku, akigoma kula usimchome insulini kama kawaida, mpigie dokta kwanza. Umeme ukikatika sana kwenu panga mapema insulini itakaa wapi kwenye ubaridi, isigande tu.

Ikitokea dokta amekwambia kwa uwazi kwamba maumivu hayatulizwi tena na dawa, muulize kuhusu kumlaza kwa sindano, yaani afe bila kuteseka, na ukae nae mpaka mwisho, asikie sauti anayoijua. Ila upofu peke yake sio sababu, usikubali mtu akushawishi hivyo.

Akipata nyumba ya kudumu usimkabidhi getini ukaondoka. Nenda nae, mtembeze mwenyewe kwa kamba kutoka kitandani mpaka kwenye maji mpaka mlangoni, rudia, alafu mwenye nyumba afanye hivyohivyo wewe ukiwepo. Waachie kile kitambaa alicholalia bila kukifua, bakuli lake, zulia la ngazi, daftari na orodha ya maneno yake, na waombe mwezi wa kwanza wasihamishe fenicha.