Kuchomelea stenlesi majini: ushauri wa mzamiaji wa Kilindini

Ukiweza kungoja maji yapwe, ngoja uchomelee stenlesi (chuma kisichoshika kutu upesi) pakavu. Bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa sana) la Kilindini, bandarini Mombasa, hufunua sehemu kubwa ya nguzo za gati, na mshono wa majini hauufikii wa pakavu.

Ikibidi kuzama, chagua siku za maji mafu, mkondo ukiwa mdogo. Kwangua makome na mwani mpaka chuma king'ae. Tumia umeme wa DC (unaokwenda upande mmoja), elektrodi (kijiti cha kuchomelea) iliyopakwa kinga maji yasiipenye ikae upande hasi. Usibadilishe elektrodi kabla mwenzako wa juu hajakata umeme. Kwa hilo mimi sina mzaha.

Adui ni maji yenyewe. Joto la tao la umeme, ule moto unaoruka kati ya elektrodi na chuma, huyapasua yakawa hidrojeni na oksijeni. Stenlesi ya daraja la 304 au 316 huvumilia hidrojeni kuliko chuma cha kawaida, lakini chuma kikiganda upesi gesi hunaswa ndani na kuacha vitundu, na kadiri unavyokwenda chini ndivyo vinavyozidi. Oksijeni nayo hula kromi, ile inayozuia kutu. Tena stenlesi hutanuka na kunywea sana, basi nyufa hutokea kwenye mshono.

Buruta elektrodi, tao liwe fupi, mishono myembamba, na ukwangue slagi (gamba linaloganda juu ya mshono) kila safu. Baada ya wiki chache zama ukague: kutu ya vishimo hupenda kuanzia pembeni mwa mshono.