Anayesomea ukuzaji wa soka ajifunze pia usajili wa wachezaji

Kwa kijana anayesomea ukuzaji wa soka akitarajia ajira katika mchezo huu, ningeshauri kwamba, sambamba na kupanda ngazi za leseni za ukocha za CAF, yaani Shirikisho la Soka Afrika, zinazoanzia daraja D, asome kwa makini kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji. Kanuni hizo huagiza kwamba mchezaji anaponunuliwa na klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada igawiwe klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23, na kila msimu kuanzia miaka 16 huhesabiwa mara mbili ya msimu wa utotoni. Mshambuliaji Mtanzania Mbwana Samatta alipita African Lyon na Simba za nyumbani kabla ya kwenda TP Mazembe ya DR Congo mwaka 2011, Genk ya Ubelgiji mwaka 2016 na Aston Villa ya Uingereza mwaka 2020, na uhamisho wa namna hiyo ndio unaofanya kumbukumbu za usajili za nyumbani ziwe na thamani ya fedha.

Mgao huo haupatikani kwa kusimulia tu kwamba kijana alichezea kwenu. Klabu iwe imesajiliwa na shirikisho la soka la nchi yake, na mchezaji awe na usajili wenye tarehe, msimu kwa msimu, kwa sababu pasipoti yake ya kielektroniki, yaani orodha ya klabu alizosajiliwa na tarehe zake, hujengwa kutokana na taarifa hizo. Kwa hiyo, unapoomba nafasi ya mafunzo kazini, omba pia kukaa kwenye dawati la usajili, si uwanjani pekee.