Ukisumbuliwa kwa simu za deni la mtu mwingine: la kufanya, hatua kwa hatua

Simu inaita. Mtu usiyemjua anataja jina la binamu yako, kisha anatisha: asipolipa leo, na wewe unapelekwa CRB, ofisi inayoweka kumbukumbu za wanaolipa na wasiolipa mikopo. Kwenye dawati la msaada wa sheria ninakohudumu hapa Kenya, wengi wanaokuja na malalamiko haya hawajakopa hata shilingi. Nambari zao zilichotwa kwenye simu ya aliyekopa, au aliwaandika kuwa warejelewa, yaani watu wa kuulizwa habari zake, bila kuwauliza.

1. Usiahidi kitu. Hata "nitamwambia alipe Ijumaa" usiseme, maana Ijumaa utatafutwa wewe. Usitaje anakoishi wala anakofanya kazi. Uliza mambo matatu tu: kampuni gani, wewe ni nani, na nambari yangu umeitoa wapi. Akianza kufoka, kata simu.

2. Jua msimamo wako. Mrejelewa si mdhamini. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, kifungu cha 3(1), inataka ahadi ya kulipa deni la mwingine iwe ya maandishi na iwe na sahihi ya aliyeitoa ahadi hiyo. Hukutia sahihi? Basi hudaiwi.

3. Kusanya ushahidi kabla ya kuzuia nambari. Hapa ndipo watu wengi hukosea: hasira zikipanda wanafuta kila kitu, kisha wanakuja kwetu mikono mitupu. Piga picha za skrini zinazoonyesha nambari, tarehe na saa. Simu za sauti ziandike kwenye daftari, kwa sababu nambari hubadilishwa kila mara. Ukiingizwa kwenye kundi la WhatsApp la kumwaibisha mkopaji, piga picha ya orodha ya wanachama kwanza, ndipo utoke. Anayekupigia akitishia kukudhuru, nenda kituo cha polisi siku hiyo hiyo uchukue nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio.

4. Itafute kampuni kwenye orodha ya Benki Kuu. Benki hiyo (CBK) huchapisha majina ya wakopeshaji wa kidijitali wenye leseni. Kanuni zake za 2022 zinawakataza kutisha, kutukana na kuwasumbua watu waliomo kwenye orodha ya mawasiliano ya mteja. Ikiwa kampuni imo, peleka malalamiko CBK pia.

5. Iandikie kampuni. Barua pepe fupi inatosha:

"Mimi si mteja wenu wala mdhamini wa mteja wenu. Nielezeni mlivyoipata nambari yangu. Ifuteni, na mkome kunipigia. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14."

Usieleze shida za binamu. Hazihusiki.

6. Wasipokoma, nenda kwa Kamishna wa Data. Ofisi yake (ODPC) hupokea malalamiko kupitia tovuti yake. Ambatisha picha, kurasa za daftari na ile barua pepe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 90. Si ofisi ya kubembeleza: Septemba 2023 iliitoza Mulla Pride, wenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari walizozipata kupitia watu wengine kutuma vitisho.

Faini hiyo lakini haiingii mfukoni mwako. Ukitaka fidia, iombe waziwazi ndani ya malalamiko yenyewe, na ueleze ulichopoteza: kazi, mteja, au heshima mbele ya jamaa.